Hatua za Amparo

Fenton Dill alikuwa ananing'inia juu ya mtaa kwa mkono mmoja, na Lavelle Prewitt alikuwa ameondoa vidole vyake kwenye nyuzi za gitaa, mlango wa ukumbi ulipofunguliwa na mzee mmoja akaingia akipapasa viti kwa fimbo.

Fimbo iligonga kiti cha kwanza, ikagonga cha pili. Rudell Gaines, mpiga ngoma, aligeuza shingo.

"Samahani, mzee wangu," alisema. "Leo ni mazoezi tu. Onyesho ni Jumapili, saa tisa alasiri."

"Najua. Nimesomewa tangazo pale kwa mwoka mikate. Lakini mbona mmenyamaza? Filamu imekatika?"

"Haijakatika."

"Nilikuwa nawafuata vizuri tangu kule mlangoni. Dill ametoka nyumbani, amebeba ngazi begani, amempiga polisi kwa ngazi bila kukusudia, amegeuka kumwomba radhi, akampiga tena. Yote nimeyasikia humo kwenye gitaa. Halafu ghafla, giza."

Lavelle alimtazama vizuri. Macho ya mzee yalikuwa wazi, meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, nayo yalielekea upande ambao hakukuwa na mtu. Kwenye pazia la sinema, Dill, mchekeshaji wa filamu bubu, aliteleza, akaanguka ndani ya pipa la chokaa, akaibuka mweupe kuanzia kofia hadi viatu. Hakuna aliyecheka. Lavelle alibonyeza kompyuta, picha ikasimama.

"Karibu ukae, mzee. Mimi ndiye mwenye gitaa. Naitwa Lavelle."

"Eleuterio Samaniego. Hapa Boyle Heights wote wananiita Tello." Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kukizoea. "Unapiga kama mtu anayesimulia, binti. Wengi hupiga kama wanaojionyesha. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuomba kitu. Mama yangu yumo humu."

Rudell alitupa macho kwenye safu za viti vitupu. "Humu ukumbini?"

"Humu kwenye filamu, kijana. Macho yangu mabovu, akili bado nzima."

Rudell, ambaye alikuwa na wajukuu wawili na hajaitwa kijana kwa muda mrefu, alicheka kwa furaha ya kweli.

"Alikuwa mwigizaji?" Lavelle aliuliza.

"Mwigizaji wapi! Alifanya kazi kwa dobi, mtaa wa jirani na pale walipokuwa wanapiga picha. Kazi yake kurudisha nguo safi kwa wenyewe. Watu wa sinema walikuwa wamefunga njia kwa kamba, yeye akapita chini ya kamba. Ana kapu kiunoni, ana haraka zake. Akamwona huyo kichaa, akasimama kidogo, akacheka, akaenda zake. Hawakumkata kwenye filamu. Sijui kwa nini hawakumkata. Kila nikisali namtajia Mungu huyo mtu ambaye hakumkata, hata jina lake silijui."

Alisimulia bila kujihurumia, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mama yake aliitwa Amparo. Kazi zilipokwisha mjini, miaka ile mibaya, watu wenye asili ya Meksiko walipakiwa kwenye treni wakapelekwa Meksiko, hata waliozaliwa hapa hapa Los Angeles. Sanduku la familia lilibaki kwenye stesheni fulani. Amparo alifika Torreón akiwa mgonjwa, akafa kabla mwanawe hajajua kutembea. Hakuna picha yake hata moja iliyosalia. Mtoto alilelewa na mama yake mdogo, Chayo, ambaye alimrudisha Boyle Heights vita vilipokwisha.

"Siku moja, mimi mtu mzima na watoto wangu, parokia ilileta projekta. Walikuwa wanachangisha fedha za paa. Wakaonyesha filamu hii. Katikati ya vicheko mama mdogo akapanda juu ya kiti, mwanamke mnene yule, akapiga kelele: Amparo! Yule Amparo! Watu wakadhani amepandwa na wazimu. Nikatazama alikoelekeza kidole. Alikuwa ameshakata kona."

"Hukumwona?"

"Siku ile sikumwona." Mzee alitabasamu. "Basi, tangu hapo kila filamu hii ilipoonyeshwa mimi na mke wangu tulikwenda. Pasadena, Long Beach, San Francisco tulilala ndani ya gari. Watu wote wanamtazama Dill, mimi natazama nyuma yake. Nilimwona kwa miaka mingi, namshukuru Mungu. Sasa macho yamekwisha. Ninachotaka ni kidogo tu. Akipita, nipigie kitu. Chochote. Nijue kwamba sasa anapita."

"Anapita mtaani?"

"Mtaani, ndiyo."

Nusu ya filamu ilikuwa mtaani. Lavelle alijua palikuwa na nafasi tele za kuchomeka sauti ndogo bila kumsumbua mtu.

"Nitakupigia, mzee Tello," alisema. "Nakuahidi."

*

Walimtafuta Amparo jioni ile ile, wakiirudisha filamu nyuma na mbele. Hakuwamo kwenye purukushani ya polisi. Hakuwamo pale mbwa alipokimbia na brashi ya rangi. Rudell alianza kusema kwamba labda mama mdogo Chayo alihitaji miwani.

"Subiri," alisema Lavelle.

Katika filamu, Dill alikuwa fundi wa kupaka rangi mabango. Ameegemeza ngazi yake kwenye lori lililosimama, amepanda kupaka herufi kubwa za mbao juu ya duka, lori limeondoka na ngazi, yeye amebaki ameshika herufi moja ambayo ametoka kuipaka sasa hivi. Rangi mbichi. Mkono unateleza polepole. Chini, pipa la chokaa. Ilikuwa sehemu ndefu, ya ajabu, ambapo hakuna kinachotokea isipokuwa mtu kuteleza. Na nyuma, upande wa kushoto, msichana aliinamia kamba akaingia ndani ya picha.

Alikuwa na kapu kwenye kiuno cha kushoto, hivyo hatua zake hazikulingana, moja ndefu, moja fupi. Alivuka barabara. Akasimama. Akainua uso, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. Kisha akaendelea, akafika kona ya kulia, akatoweka. Baada ya hapo Dill akaanguka.

"Nimeipigia filamu hii mwaka mzima," Lavelle alisema. "Nimelala nayo, nimeamka nayo. Sijawahi kumwona."

"Hakuna aliyemwona. Nani ataangalia dobi wakati mtu anakufa juu?"

Kisha wote wawili waliona jambo moja kwa pamoja. Alasiri ile, mzee alipokuwa akigonga viti na kuuliza mbona wamenyamaza, mama yake alikuwa anavuka barabara kwenye pazia, juu ya kichwa chake.

"Lavelle," Rudell alisema taratibu. "Pale ndipo pa kimya chako."

"Naona."

"Umemwahidi mzee kimya chako."

"Naona, Rudell, mimi si kipofu." Alisikia alichokisema, akauma mdomo.

Wapigaji wa zamani wa filamu bubu, walioketi chini ya pazia, walikuwa wanajaza kila tundu. Mtu akipanda, muziki unapanda. Akianguka, ngoma inaanguka naye. Lavelle aliichukia kazi ya namna hiyo. Jazi aliyoikulia kule mtaa wa Leimert Park ilimfundisha kwamba sauti nzuri kuliko zote ni ile uliyoamua kutoipiga. Kwa hiyo, lori lilipoondoka na ngazi, gitaa lake liliachia sauti moja ining'inie, ikafifia, kisha hapakuwa na kitu. Hakuna ngoma, hakuna uzi. Ukumbi mzima unasikia pumzi zake wenyewe. Dill anateleza. Dill anaanguka. Bado kimya. Dill anavua kofia, anamwaga chokaa, anaichungulia ndani kana kwamba kosa ni la kofia. Hapo tu gitaa linarudi, kwa upole, kama rafiki anayekufuta vumbi.

Kimya hicho ndicho kilichomleta Bi Whitlock. Alitoka kampuni ya New York inayotengeneza upya filamu bubu na kuzitoa zikiwa na muziki mpya, na baada ya kusikia kipande cha majaribio alipiga simu mwenyewe. Angekuja Jumapili na vifaa vyake, anase sauti palepale ukumbini pamoja na vicheko vya watu. Ikifaa, filamu ingetoka ikiwa na jina la Lavelle. Miaka yote Lavelle alikuwa amepiga nyuma ya watu wanaokula. Kwenye hoteli, kwenye harusi, vijiko vikigonga sahani. Watu walimwambia "asante, muziki mzuri" wakiwa wanamtafuta mhudumu. Alitamani mara moja tu kitu alichokitunga kisikilizwe hadi mwisho, na yule aliyekisikiliza ajue kimetungwa na nani.

Ijumaa alitunga hatua za Amparo. Haikumchukua muda. Nyuzi mbili za chini, moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi. Mahali anaposimama, hakuna kitu. Mahali anapocheka, vidole vinaugusa uzi bila kuubana, nao unatoa sauti ya kengele ndogo iliyo mbali. Kisha hatua tena, zikipungua mpaka kona.

Alimpigia Rudell kipande hicho huku filamu ikienda.

"Tamu," Rudell alisema. "Nasema kweli, tamu sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sikumwona Dill akianguka. Nilikuwa namtazama binti wa watu."

Lavelle aliweka gitaa magotini. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Muziki chini ya filamu bubu ni kidole. Unakoelekea ndiko macho yanakokwenda, mtu apende asipende.

"Nikipiga chini zaidi? Kwa siri?"

"Kwenye kimya? Kwenye kimya hata ukijikuna utasikika. Sikiliza, dada. Jumapili ukumbi utajaa. Watoto, bibi zao, kila mtu. Wote wamekuja kucheka. Mmoja amekuja kulia."

"Hakuja kulia."

"Haya, amekuja kwa ajili ya mama yake. Mimi pia nina mama. Mwambie mwanangu Terrence akae karibu naye amguse bega. Tap! Mama yako huyo anapita. Mzee anafurahi, Dill anaanguka, Whitlock anacheka, sisi tunakwenda New York kula nyama."

"Wewe nani alisema unakwenda New York?"

"Ala! Na ngoma utapigiwa na nani, na mhudumu wa hoteli?"

Lavelle alicheka, lakini wazo la bega lilikuwa jema, na lilimkaa.

*

Jumamosi alikwenda kwa mzee Tello. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye kibaraza kilichopakwa rangi ya bluu, na mzee alikuwa mezani mbele ya bakuli la supu ya mahindi na nyama ya nguruwe. Alimtambua Lavelle kwa sauti kabla hajataja jina, akamwagizia bakuli kwa mjukuu wake wa kike, akamlazimisha kula.

"Kula kwanza. Habari mbaya haziingii tumbo tupu."

"Umejuaje ni mbaya?"

"Mtu mwenye habari njema huwa hapandi ngazi tatu kwa taratibu hivyo."

Alimweleza. Alimweleza habari za kimya, na kidole cha muziki, na Bi Whitlock. Hakuficha kitu. Mzee alisikiliza akimega mkate vipande bila kuula.

"Nimefikiria njia nyingine," Lavelle alimalizia. "Kijana wa Rudell atakaa pembeni yako. Msichana akiingia, atakugusa bega."

"Ndivyo alivyokuwa akifanya Consuelo, mke wangu. Macho yalipoanza kufifia, alikuwa ananibana mkono. Baadaye alipofariki, mjukuu huyu akawa ananinong'oneza. Babu, sasa."

"Basi itafaa?"

"Unajua tatizo la kuambiwa, binti? Ukiambiwa sasa, sasa yenyewe imekwisha. Napewa habari kwamba mama amepita. Maisha yangu yote nimepewa habari za mama. Mama yako alikuwa hivi, mama yako alikuwa vile. Chayo aliniambia mpaka akachoka, Mungu amrehemu." Alisukuma mkate pembeni. "Alhamisi nilipokuwa pale mlangoni nikasikia gitaa lako, Dill alitembea. Sikuambiwa anatembea. Alitembea. Ndipo tamaa ikanishika. Nikasema, labda na mama."

Mjukuu alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Lakini sikiliza," mzee alisema, na sauti yake ikawa nyepesi, ya mtu anayemsaidia mgeni kufungua mlango. "Kazi ni kazi. Wewe hujaniua, wala hujaniibia. Ahadi yako nakurudishia, ichukue uende nayo salama. Huyo kijana wa bega aje, nitampa peremende. Na kimya kikifika mimi nitajua ni pale. Nitakisia. Nimezoea kukisia."

"Mzee Tello..."

"Supu inapoa."

Njiani kurudi, jua likiwa limeegemea milima na mitaa yote ikinuka lami na mahindi ya kuchoma, Lavelle alijaribu kufurahi kwamba mambo yametengemaa. Hakuna aliyemlazimisha sasa. Lakini neno lile, nimezoea kukisia, lilimfuata mpaka nyumbani. Aliwaza mtu mzima akikesha ndani ya gari huko San Francisco, amesafiri siku nzima kwa ajili ya mwanamke atakayevuka barabara na kutoweka bila kumtazama. Na kesho yake akawasha gari, akawa na hamu ile ile.

*

Bi Whitlock alifika Jumapili mapema. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchangamfu, aliyetega vipaza sauti vyake mwenyewe na kukataa kusaidiwa kubeba waya. Alipomaliza, Lavelle alimsogelea.

"Nikuulize. Pale Dill anaponing'inia. Ingekuwaje kukiwa na noti chache?"

"Pale?" Bi Whitlock alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha. "Lavelle, nitakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Watu wanaoweza kupiga noti nzuri pale ninao tele. Wananitumia kila wiki. Wewe ndiye wa kwanza kuwa na moyo wa kunyamaza. Usiniguse kimya kile, tafadhali. Ndicho nilichokipandia ndege."

"Nimeelewa."

"Una wasiwasi wa onyesho tu. Kunywa maji."

Saa tisa ukumbi ulijaa hadi watoto wakakalia magoti. Mzee Tello aliletwa na mjukuu wake, amevaa suti ya kijivu na tai iliyofungwa na mtu mwenye subira, akakaa safu ya mbele. Terrence alikaa pembeni yake, tayari kwa kazi yake ya bega. Rudell alimkonyeza Lavelle: mambo safi.

Taa zikazimwa.

Walianza vizuri kuliko walivyowahi kuanza. Dill alitoka nyumbani na gitaa likatoka naye, likamsahau kidogo, likageuka kumfuata. Alipompiga polisi kwa ngazi, Lavelle alipiga kitu kingine kabisa, wimbo mtamu wa mapenzi, na watoto wakapiga mayowe ya kicheko. Mbwa alipoiba brashi, Rudell alifanya fujo la mikono ambalo hakuwahi kulifanya kwenye mazoezi. Bi Whitlock, pembeni na vifaa vyake masikioni, alikuwa anaitikia kwa kichwa huku akitabasamu. Lavelle alihisi ukumbi mzima umekaa kwenye kiganja chake. Hiyo ndiyo hisia aliyoitamani. Ilikuwa tamu kama alivyodhani, na zaidi.

Lori likaondoka na ngazi.

Aliachia ile sauti yake ining'inie, ikafifia. Vicheko vikapungua, vikakauka. Dill alishika herufi. Kimya kikatua juu ya watu wote, kimya kikubwa, chepesi, watoto wakiwa midomo wazi. Kilikuwa kizuri kuliko alivyowahi kukisikia.

Lavelle alimtazama mzee. Mzee alikuwa ameinua uso, shingo imenyooka, mikono juu ya fimbo. Anakisia. Uso wake ulikuwa umeelekea kulia kabisa, mahali pasipo na mtu, pale kwenye kona ambako mama yake hutoweka.

Kwenye pazia, upande wa kushoto, msichana aliinamia kamba.

Terrence aliinua mkono. Lavelle alimwangalia, akamtikisia kichwa kumkataza, na mkono wa kijana ukabaki hewani. Kisha akaweka vidole kwenye nyuzi mbili za chini.

Ndefu, fupi. Ndefu, fupi.

Rudell aligeuka kama aliyechomwa. Bi Whitlock aliinua uso. Ukumbi ulitikisika kidogo, watu wakajisogeza vitini, na Lavelle akahisi macho yao yakimwacha Dill, jozi moja baada ya nyingine, yakishuka kutoka kwenye herufi yenye rangi mbichi hadi barabarani, kwa msichana mwenye kapu.

"Yule dada ni nani?" mtoto mmoja aliuliza kwa sauti.

Ndefu, fupi. Msichana akasimama, gitaa likasimama. Bi Whitlock alivua vifaa masikioni, akaviweka magotini taratibu. Msichana akainua uso, akaziba mdomo, na Lavelle akaugusa uzi bila kuubana, kengele ikalia mbali, ikalia tena. Hapo Rudell, ambaye alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeibiwa, alichukua brashi yake akaipitisha juu ya ngozi ya ngoma mara moja, kwa upole sana, kama pindo la sketi likigusa barabara.

Hatua zikaanza tena. Juu kabisa, Dill aliachia herufi, akaanguka ndani ya pipa. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Vilisikika vicheko viwili vitatu, vilivyochelewa, vikaona aibu vikanyamaza.

Mzee Tello alikuwa ameugeuza uso hadi kushoto sauti ilipoanza. Sasa ulikuwa unarudi kulia, polepole, kidevu kimeinuka, kwa mwendo ule ule wa nyuzi, ndefu na fupi, bila kutangulia wala kubaki nyuma. Lavelle hakulitazama pazia tena. Alimtazama yeye, akapiga hatua zote mpaka kona, hata ile ya mwisho, ndogo, isiyo na haraka, na hakuondoa kidole mpaka ilipokoma yenyewe.